Msumari wa Komeo

Tangu alfajiri Nyamizi hakuonja hata chai. Mashua aliyoijenga uani kwa miaka mitatu kwa mikono yake ilikuwa juu ya tela, kijani kibichi, na leo ilikuwa inakwenda majini!

Shemeji yake, Lubango, alirudisha pikapu nyuma polepole mpaka kikombe cha chuma kwenye ncha ya shingo ya tela kikakalia mpira wa chuma wa ndoano, nyuma ya gari.

"Basi, tumemaliza. Panda twende, shemeji!"

"Na minyororo?"

"Kwani tumekamata mwizi?"

Nyamizi alicheka, lakini aliinama akaipitisha minyororo miwili ya tela chini ya shingo yake, ikapishana kama mkasi, akaifunga kwenye pikapu. "Sasa songa hatua tatu. Tatu tu!"

Pikapu ilisonga. Kikombe kikaruka mpirani, mashua ikainamisha pua, Nyamizi akapiga yowe. Minyororo ikaidaka shingo kabla haijagusa ardhi.

Lubango alishuka jasho likimtoka. "Pini ya kukazia kikombe, shemeji. Nimeisahau kwangu."

"Kwako, huko ng'ambo ya mlima?"

Waliinua shingo, wakarudisha kikombe mahali pake. Kisha Nyamizi akaliendea geti, akachomoa msumari mnene wa komeo, akaufuta kwa kanga yake. Ukaingia kwenye tundu la pini, ukabana barabara.

"Na geti utalifunga na nini?"

"Washa gari, shemeji!"

Njiani aligeuka mara moja tu. Geti lilikuwa likichezacheza wazi, na kuku wake wote walikuwa wametoka, wakikimbilia tela.