Gareji ya Wendell

Mume wangu Wendell alipomaliza kuziba nyufa za gareji, alituita tukaone. Baridi ya Saskatoon, huku Kanada, ilikuwa imeanza kuuma. Ukutani alikuwa ameshindilia sufi, chini ya mlango kagongomea mpira, na hita ya umeme ilinguruma pembeni. Katikati lilikaa gari lake jekundu, limefunikwa blanketi.

Mama yake aliingia amevaa makoti mawili. Dirisha la chumba chake lina ufa, na tangu mwaka jana mwanawe anasema atalitengeneza. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

"Kumbe huku kuna joto, mwanangu."

"Mama, usiliegemee gari. Utanikwaruzia rangi."

"Sijaliegemea, baba."

Nikamtazama yule mwanamume niliyezaa naye. "Blanketi hilo la nani?"

"La mama. Anayo mengine."

"Mtu mzima unafunika bati, mama yako anatetemeka."

"Usianze, mke wangu."

Nililivuta blanketi, nikamfunika mama mabegani. Nikachukua ufunguo, nikainua mlango, nikalirudisha gari nyuma mpaka kwenye theluji. Kisha nikamwita Wendell aje ashike upande wa pili wa kitanda cha mama.