Sukari Kwenye Tangi

Gari la Moris lilizimika palepale linapozimika siku zote: mbele ya kinyozi.

Mwenye gari alipiga usukani kwa kiganja, akageuza ufunguo tena. Pampu ya mafuta iligonga mara moja, tik, ikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Leo unanyoa, au umezimikiwa?" kinyozi aliuliza kutoka mlangoni, mkasi mkononi.

"Usinianze."

Angekaa kidogo, kisha gari lingewaka tena kana kwamba halikufanya kosa lolote. Ndivyo lilivyokuwa tangu baba yake afariki na kumwachia yeye, mtoto mkubwa. Alishabadilisha platini, kondensa, koili na plagi. Kabureta aliifungua juu ya meza ya chakula, akapanga vipande vyake kwenye gazeti na kuvisugua kimoja kimoja kwa mswaki. Hakuwahi kutia petroli bila kuichuja kwa kitambaa. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kufungua na kufunga. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa: tangi.

Aliona hana haja. Alijua kilichomo. Wiki ileile ya msiba, baada ya kugombana na mdogo wake kuhusu gari hili, alimkuta amesimama nyuma ya gari, mkono juu ya kifuniko cha tangi. Kesho yake likaanza kuzimika. Akamwambia kila mtu: katia sukari. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Sasa, gari lilipowaka na yeye kuliingiza uani kwake, mdogo wake alikuwa amekaa pale, kikombe mkononi. Kando yake, juu ya stuli, palikuwa na birika la chai na kopo la sukari.

"Shikamoo, kaka."

Alishuka, akamgeukia mkewe. "Nani kamfungulia geti huyu?"

"Mimi," mkewe alisema. "Msikilize kwanza, baba watoto."

Mdogo mtu alisimama. "Binti yangu anaolewa Jumamosi. Anataka baba yake mkubwa ampeleke kwa gari la babu yake. Si la kukodi. Hili. Kama tatizo ni mimi, sipandi. Nitakwenda kwa miguu."

"Gari haliendi. Na unajua kwa nini haliendi."

"Haya, tumeanza. Paa lenu likivuja, mimi. Kuku wakifa, mimi. Hata kile kitambaa chako cha miraba cha kuchujia mafuta kilipopotea, mimi! Nilikwambia siku ileile: kifuniko ulikiacha wazi, mimi nikakifunga. Basi."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Fungua tangi."

"Boliti zimeshika kutu."

"Miaka sita zimeshika kutu? Umefungua gari lote mpaka saa ya kwenye dashibodi, kaka. Fungua tangi. Sukari haiyeyuki kwenye petroli, itakuwa imelala chini, utaiona kwa macho yako. Ukiikuta, mimi hapa sikanyagi tena mpaka nife. Usipoikuta, uje kwangu kabla ya Jumamosi, uniombe radhi mbele ya wanangu."

"Nije kwako kuomba radhi? Labda nije nimebebwa."

Mdogo mtu aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. "Asante kwa chai, shemeji," alisema, akatoka.

Mke alibaki akimtazama mumewe. "Nguo zako za harusi nimeshazipiga pasi," alisema. "Fungua. Na mimi nataka kujua." Akaenda nyuma ya nyumba kuanua nguo.

Mumewe alipiga jeki kwa hasira. Alitupa spana moja, akachukua nyingine, akaitupa na hiyo. Atamwonyesha. Atawaonyesha wote, na kinyozi pia. Aliinamia buti la gari, akatia nguvu kwenye boliti ya kwanza.

Haikuwa na kutu. Ilizunguka kama iliyofungwa jana. Zilizobaki nazo zikatoka hivyohivyo.

Alishusha tangi, akamimina petroli kwenye ndoo polepole. Ile ya mwisho, ya chini kabisa, aliikinga kwenye chupa ya kioo. Akaiinua kwenye mwanga na kungoja itulie. Ilikuwa safi. Akaitikisa, akangoja tena. Hata chembe.

Akachukua waya, akaukunja ncha, akaupitisha kwenye mdomo wa tangi. Ulinasa kitu laini. Alivuta. Kikatoka kitambaa cha miraba ya bluu, kingo zake zimeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono ya mkono wa mkewe.

Alikishika mpaka petroli ikamchuruzika kiwikoni. Akakiweka juu ya mdomo wa bomba la kuvutia mafuta. Kiliuziba wote. Pampu ikivuta, kinaziba, ikipumzika, kinaachia.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. Hasira ilikuwa bado imemjaa kifuani, na sasa haikuwa na pa kwenda. Alitazama geti alilotokea mdogo wake. Alitazama kikombe chenye chai nusu.

"Umepata nini?" mkewe aliuliza kutoka nyuma ya nyumba.

Alikamua kitambaa, akakikunja vizuri, akakisukuma chini kabisa ya sanduku la vifaa. Akasimama. Akafuta mikono kidole kwa kidole, akaenda kwenye stuli.

Akachota vijiko viwili vya sukari, akavitia kwenye chupa ya petroli, akangoja chembe zilale chini.

"Mama watoto," aliita, "njoo uone."