Mwongozo Chini ya Cherehani

Mkewe aliposema, "Basi, naondoka," karani wa posta alinyanyua kidole.

"Ngoja kidogo, kalamu imegoma."

Mke akangoja. Mkoba begani, mkono kwenye kitasa, akangoja mpaka kalamu ilipokubali.

"Haya, rudia hapo kwenye 'nimekuwa'..."

"Nimekuwa fenicha humu ndani," mke akasema. "Tena fenicha inayopika."

Jana yake maneno hayo yalimchukua sentensi sita. Leo mbili. Karani akaona raha: mwanamke anakomaa huyu! Mlango ukafungwa, naye akaandika: *Mlango unafungwa. Pazia.*

Si kwamba hakumpenda. Ila alikuwa mwanachama.

Kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha maktaba, Chama cha Waandishi Chipukizi wa Tamthilia kilikutana, chipukizi mdogo kuliko wote akiwa na miaka hamsini na miwili. Walikuwa na mwenyekiti, katibu, muhuri na kamati ya muhuri. Walichokosa ni tamthilia tu. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa na wosia mmoja: "Mazungumzo mazuri hayatungwi, jamani. Yanaokotwa. Okoteni majumbani kwenu!"

Karani akaokota. Mkewe, fundi wa kushona, alikuwa mgodi: mwaka mzima yeye akigomba, mume akiandika. Kulikuwa na shindano, na tamthilia itakayoshinda ingechezwa jukwaani, mbele ya watu waliokata tiketi. Kwa hilo karani angeng'oa hata jino.

Mwongozo wa uandishi alikuwa nao, kurasa mia tatu, alioununua asiufungue. Mke ndiye aliyeuomba, auweke chini ya mguu wa cherehani iliyokuwa ikiyumba.

"Angalau nao ufanye kazi," alisema.

Siku hizi cherehani ilikuwa ikiyumba tena. Karani hakuuliza.

Alipowasomea wenzake, waliichambua kazi yake kama mchele wenye mawe.

"Mke huyu si wa kweli," alisema katibu. "Mimi nimeoa mara tatu. Sijasikia mwanamke akigomba kwa mpangilio hivyo."

"Na huyo mume," akadakia mwenyekiti, "bwege kupita kiasi. Mpunguze, bwana karani. Watu hawataamini."

Karani akampunguza. Akaongeza onyesho la mkoba na kitasa, akapeleka siku ya mwisho kabisa. Kisha akala mkate mkavu siku tisa katika nyumba iliyonyamaza, akijipa moyo: mke akiona bango la tamthilia mjini, atarudi mwenyewe.

Jumamosi mwenyekiti, ambaye pia alikuwa jaji wa shindano, akamvuta pembeni.

"Bwana karani, mtu mzima wewe. Umeiba."

"Nimeiba nini? Haya ni ya nyumbani kwangu!"

"Ya nyumbani kwako! Mshindi ametuletea haya haya, neno kwa neno. Ila kwake yule bwege yuko mzima mzima, hajapunguzwa hata kidogo. Tumecheka mpaka katibu akatoka nje kupumua."

"Basi yeye ndiye kaniibia."

"Ameileta mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita haiwezekani, mwalimu. Mlango umefungwa juzi juzi tu!"

Mwenyekiti akamtazama kama mtu mwenye homa, akampa mswada ajionee. Kurasa zilikuwa zimeshonwa pembeni kwa uzi mwekundu, mshono umenyooka kama uliopigwa rula. Karani akafungua ukurasa wa mwisho.

MKE (*mkono kwenye kitasa*): Basi, naondoka. (*Anasubiri aone kama atainuka.*)

MUME (*hainuki, ananyanyua kidole*): Ngoja kidogo, kalamu imegoma.