Kikohozi cha Alfajiri

"Linafanya hivi, hasa alfajiri," Baba Pacha alisema, akavuta pumzi. "Nguu… nguu… kh-kh… kimya. Halafu linakurupuka kama mtu aliyemwagiwa maji."

Fundi aliacha kufuta mikono. Hakuwahi kuona mteja akiliigiza gari vizuri namna ile. Mke wa Baba Pacha, aliyeketi kiti cha nyuma na mtoto kila paja, alicheka, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ukikanyaga mafuta, mguu unahisi nini?"

"Mguu sijui, fundi. Liulize sikio."

Gari lilikuwa kuukuu, rika la fundi mwenyewe. Aliliwasha, akakanyaga. Injini ikasita, ikakohoa, ikakurupuka. Pacha wote wawili wakaangua kilio.

"Plagi zilibadilishwa lini?"

Baba Pacha akamtazama mkewe. Mkewe akatazama paa la gari.

Fundi akafunga plagi mpya. Likasita. Akafungua kabureta, akaisafisha mpaka ikang'aa, akairudisha. Likasita vilevile. Kufikia mchana alikuwa amechafuka mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, niachieni gari wiki moja."

"Haiwezekani," mke alijibu upesi. "Ni leo tu. Tafadhali, kaka yangu."

Fundi akashusha pumzi, akainama tena. Safari hii hakushika spana. Alitega sikio tu. Chini ya ngurumo ya injini akasikia mluzi mwembamba. Akaufuata kwa kidole hadi kwenye kimpira kimoja cha kupitisha hewa, nyuma kabisa, kilichopasuka upande wa chini, kusikoonekana. Akaubana ufa kwa gumba.

"Hebu kanyaga."

Baba Pacha akakanyaga. Injini ikapanda laini, bila kigugumizi.

"Lilikuwa linavuta upepo mahali pasipo pake," fundi alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akabadilisha kimpira. Wakajaribu tena na tena, wakaliwasha na kulizima. Kiti cha nyuma pacha walikuwa wamelala fofofo, na mama yao akijifuta machozi kwa kiganja.

Jioni Baba Pacha alimpa jirani ufunguo juu ya ukuta mfupi, ule unaotenganisha maegesho ya jirani na dirisha la chumba cha pacha.

"Nashukuru sana kwa kuniazima gari lako."

"Halikukusumbua?" jirani aliuliza. "Maana mimi kila alfajiri hunikoholea."

"Hata kidogo," alisema Baba Pacha, akaenda kulala.