Tuzo ya Punda Mtoro

Mke wa mchoraji alijisifu kwamba siri ikiingia tumboni mwake haitoki. Kweli, ya mumewe ilikaa miaka thelathini bila kutoka, ukimwacha dada yake, na shoga yake mmoja ambaye naye hamwambii mtu, isipokuwa akiulizwa.

Leo alikuja binti anayeandika kitabu cha historia ya tuzo za filamu fupi za katuni. Mzee aliwahi kushinda moja, kwa filamu ya dakika nne kuhusu punda mtoro.

"Kila mchoro ni wa mkono wangu huu," alisema mzee, kifua mbele.

"Basi nionyeshe, babu. Kabla michoro haijapigwa picha za filamu, mlijuaje kama punda anakimbia sawasawa?"

Mzee alishika karatasi za michoro ya punda alizokabidhiwa na binti kama mwanamume aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Akakohoa. "Ah, mambo ya zamani hayo, mwanangu."

Jasho lilimtoka. Mkewe aliliona, akaogopa. Daktari alishasema moyo ule hauwezi mshtuko mwingine, na aibu ya kitabuni haifutiki. Karatasi zilipoanza kumponyoka mzee, mkewe akazidaka.

"Bibi, kwani wewe ndiye uliyechora?"

"Mimi? Thubutu! Hata penseli sijui inashikwa upande gani."

Binti alikuwa akivitazama vidole vya bibi, kila kimoja katikati ya karatasi mbili, vikizifunua na kuzifunika upesi upesi, na punda anakimbia.