Ute wa Chipukizi

Mama alikuwa ameinamia mche wa saba, kitambaa cha sabuni mkononi, Evodie alipomdaka kiganja.

“Mama, unafanya nini?”

“Nasafisha miti yako. Kila asubuhi inatoka kamasi kama mutoto. Na diploma yako yote, hauoni?”

Evodie aliitazama miche sita ambayo Mama alikuwa akiisafisha kila asubuhi. Ilikuwa imedumaa, majani yamejikunja. Wa saba tu, uliojificha nyuma ya pipa la maji, ulikuwa na majani mapana yenye madoa meusi, makao ya bakteria. Bakteria hao huanzia katika ute wa chipukizi, na bila wao mti huu haukui. Kule mlimani zilikotoka mbegu, msitu wote umeshachomwa makaa. Evodie alimweleza Mama kwamba sabuni ilikuwa ikiwaondoa bakteria hao.

“Basi njo miye niliiua?”

“Bado haijafa. Nitakata chipukizi la huu muzima, niipake ile mingine ute wake.”

“Na huu ukikufa?”

Evodie alichukua wembe na kopo la kukingia ute, akashika chipukizi. Ute ulimnata kidoleni, wa baridi. Wembe ulikuwa ukigongagonga ukingo wa kopo.

Mama alitupa kitambaa. “Unatetemeka. Lete hapa.”

Evodie alimpa wembe.