Msuli wa Nyumbani

Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo, na Athmani bado alikuwa kavaa suruali na mkanda, amekaa ukumbini kwake kama mgeni anayengojea chai. Msuli wake, ambao Mwanakheri aliupiga pasi siku aliyosikia mumewe anakuja, ulikuwa ungali msumarini.

“Baba Zena, si ujifunge msuli upumzike?”

“Niko sawa tu. Kesho alfajiri naondoka.”

Alipoingia kuoga, aliitundika suruali juu ya mlango wa bafu. Mwanakheri akaivuta polepole, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni.

“Suruali yangu iko wapi?” akauliza toka ndani.

“Naifua.”

Maji yakanyamaza. Kisha mkono ukatokeza mlangoni. Mwanakheri akampa msuli, lakini upindo mmoja hakuuachia.